Mawe Manne Juu ya Pipa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Félicité alifagia uwanja, akamwamsha mdogo wake Willy, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, na kumnawisha uso, kisha akaenda nyuma ya jiko kuweka jiwe juu ya pipa.

Ndani ya pipa lile la plastiki mama yake, Mama Marthe, aliloweka mihogo. Pale Mboko, kati ya ziwa na barabara ya kwenda mji wa Baraka, kila nyumba ina namna yake ya kuhesabu siku ambazo muhogo umelala majini. Wengine huchora mistari ya mkaa ukutani. Mama Marthe alitumia mawe ya ziwani, meupe na laini, makubwa kama yai la kuku. Muhogo ukilala usiku mmoja majini, asubuhi unaweka jiwe moja juu ya mfuniko. Ukilala usiku wa pili, jiwe la pili. Mawe yakifika manne, muhogo umelainika na sumu yake imetoka. Ndipo unapoweza kuuanika, kuusaga na kuupika bugali.

“Muhogo muchungu iko kama mbwa mukali,” Mama Marthe alipenda kusema. “Ukimufunga vizuri, analinda nyumba. Ukimuachilia, anauma wenye nyumba.”

Na kweli ulilinda nyumba. Nguruwe wa mwitu walioshuka kutoka mlimani walikula muhogo mtamu wa watu, lakini mchungu waliupita bila kuugusa.

Félicité alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Baba yake alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Mwaka uliofuata ugonjwa uliingia mashambani, majani ya mihogo yakajikunja na kuwa na madoa ya manjano, na ukichimba unapata mizizi myembamba kama vidole. Kwa misimu miwili Mama Marthe alilima mashamba ya watu ili apate unga wa kuwalisha wanawe.

Kisha akaja agronomu, yaani bwana shamba, Isidore na pikipiki yake, amefunga nyuma mafungu ya vijiti vya muhogo mchungu mpya ambao ugonjwa ule haukuuweza. Akavigawa kwa wajane kwanza. Mama Marthe alivipokea kwa mikono miwili, akavipanda, akavipalilia. Vilipoota, majani yake yalikuwa mapana na ya kijani, hayana doa hata moja. Wamama wa chama cha wakulima wakaupa muhogo ule jina la Aksanti, kwa maana hawakuwa na neno lingine la kumwambia Mungu. Nyumba kumi na mbili ziliupanda.

Lakini Papa Bertin, mzee wa chama, hakuupanda. Yeye alikuwa jirani wa Mama Marthe na baba wa Vanessa, rafiki mkubwa wa Félicité. Alikuwa na redio ndogo isiyotoka sikioni mwake.

“Mi nasikia kwa redio,” aliwaambia wamama. “Kuko mbegu banaita OGM. Bantu ba maabara banaingia ndani kabisa ya mbegu, banabadilisha urithi wake. Leo unapanda, kesho unaambiwa mbegu si yako, usiitunze, usimupe jirani. Nyinyi mulimuuliza Isidore hii muhogo ilizaliwa wapi?”

“Tulimuuliza, Papa Bertin. Alisema si hiyo ya OGM.”

“Alisema! Hata mwizi wa kuku anasemaka.”

Wamama walicheka, na Papa Bertin naye akacheka, lakini muhogo hakuupanda.

*

Msimu wa kuvuna Aksanti kwa mara ya kwanza ulifika. Ulikuwa wakati wa kiangazi, ardhi kavu, na wakati huo muhogo mchungu huzidi uchungu. Mama Marthe akachimba vikapu vinne vya mihogo. Siku ya Jumatatu alfajiri, kabla hajaanza kuimenya, ukaja ujumbe kwamba dada yake wa Kazimia amejifungua na hali yake si nzuri. Alifunga kitenge, akawaita wanawe.

“Willy, utii Yaya wako. Félicité, leo ukitoka shule menya hii mihogo yote, uweke ndani ya pipa. Leo, si kesho. Ijumaa mi narudi, nitakuta mawe manne, tutaitoa pamoja. Chakula mutakula kwa Mama Vanessa.”

“Ndiyo, mama.”

“Kama kazi imekwisha, Jumamosi utaenda Baraka na kwaya. Kama haijaisha, utabaki.”

Félicité alikubali kwa moyo wote. Kwaya ya watoto ilikuwa imealikwa kuimba Baraka, na yeye alikuwa na sehemu yake ya kuimba peke yake, mistari miwili mizima.

Lakini Jumatatu jioni kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Alipotoka huko alitazama vikapu vinne vya mihogo akasema, “Kesho.” Jumanne mazoezi tena, kisha wakaogelea ziwani. Jumatano, mihogo ilipoanza kuwa na alama nyeusi, ndipo aliposhika kisu. Vanessa alikuja kumsaidia. Wawili wakaketi juu ya kinu kilicholala, wakamenya hadi vidole vikauma.

“We Félicité,” Vanessa alisema, “mama yako akirudi Ijumaa atakuchapa. Atakuta mawe mawili.”

“Atakuta manne.”

“Manne yatoke wapi? Leo ni Jumatano!”

Félicité akacheka. “Mawe iko mingi kwa ziwa.”

Vanessa hakucheka sana. “Na kama haijalainika?”

“Siku mbili, siku nne, maji ni ile ile. We usiseme kwa mama yako, nitakupa kitambaa changu cha kichwa, kile cha nyota.”

Alhamisi akaweka jiwe moja. Ijumaa asubuhi akaweka la pili. Kisha, alipotazama huku na huku na kuona kuku tu, akaweka la tatu na la nne.

Mama Marthe alirudi saa tisa alasiri, miguu imejaa vumbi, uso umechoka lakini unang'aa. Dada yake alikuwa amepona, na mtoto ananyonya. “Mungu ametuona,” alisema. Kabla ya kuketi akaenda nyuma ya jiko.

“Mawe ni mangapi?”

“Manne, mama.”

Mama Marthe alitumbukiza mkono ndani ya pipa, akatoa kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia. Akatoa kingine. “Mbona iko ngumu hivi?”

Félicité alitazama chini.

“Labda Aksanti ndivyo ilivyo,” Mama Marthe alisema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. “Ni mara yetu ya kwanza. Kila mugeni na desturi yake.” Naye, kwa sababu alimwamini binti yake, akaitoa mihogo yote, wakaikatakata na kuianika juu ya mkeka.

Jumamosi Félicité aliimba Baraka. Aliimba vizuri, watu wakapiga makofi. Jua la siku zile lilikuwa kali, na kufikia Jumatatu mihogo ilikuwa imekauka kama vijiti. Jumanne asubuhi Mama Marthe akaipeleka kwenye mashine ya kusaga.

Unga ulitoka mweupe. Mama Marthe akaugawa. Gunia moja akalifunga kwa kitambaa cha bluu, kwa maana sheria ya chama ilikuwa kila nyumba ifunge gunia lake kwa rangi yake, ili mnunuzi ajue unga umetoka kwa nani. Akampa motari, kijana wa pikipiki, alipeleke Baraka kwa Mama Jamila, mama wa Kiislamu aliyeuza unga wao sokoni kwa miaka mingi. Bakuli moja kubwa akampelekea Mama Vanessa, shukrani kwa kuwalisha watoto. Uliobaki akapika saa sita, bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ndagala, samaki wadogo wa ziwani.

“Mungu, aksanti kwa unga wa shamba letu wenyewe,” aliomba.

*

Saa tisa Willy alianza kushika tumbo. Akatapika mara moja, mara mbili, mara tatu. Akajaribu kusimama, miguu ikamkataa.

“Yaya,” alisema, “nyumba inazunguka.”

Félicité mwenyewe kichwa kilimwuma na tumbo lilimchafuka, lakini alikuwa amekula kidogo. Mama Marthe alimbeba Willy mgongoni, akakimbia naye kituo cha afya. Félicité akakimbia nyuma. Huko walimkuta Mama Vanessa amepakata mtoto wake wa mwisho, mtoto naye anatapika vile vile.

Muuguzi aliwalaza watoto wote wawili na kuwawekea maji mshipani. Kisha akauliza, “Walikula nini?”

“Bugali ya muhogo.”

“Hii inafanana na sumu ya muhogo ambao haukulowekwa vizuri. Mama, mihogo ililala majini siku ngapi?”

“Nne. Mi nilikuwa Kazimia, lakini mutoto aliweka mawe.”

Muuguzi alimgeukia Félicité. “Ni kweli, binti? Siku nne?”

Pale ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Lakini Félicité aliona uso wa mama yake, akaona sindano mkononi mwa Willy, akaogopa. Akatikisa kichwa kukubali.

“Basi,” muuguzi alisema, “kama ni siku nne, sielewi. Labda ni mbegu yenyewe. Musimulishe mutu yeyote unga huo, na kama kuko uliokwenda sokoni, mupige simu sasa hivi.”

Mungu ni mwema, watoto walipona. Jumatano asubuhi Willy aliomba chai, na mtoto wa Mama Vanessa aliketi akaanza kucheza na kamba ya viatu vya muuguzi. Mama Jamila alikuwa amepigiwa simu kabla hajafungua gunia lenye kitambaa cha bluu. Hakuna mtu wa Baraka aliyekula.

Lakini habari ilikuwa imetembea Mboko nzima. Jumatano mchana Papa Bertin aliita chama chote kwenye uwanja wa shule. Alikuwa na hasira ya baba aliyeona mtoto wake akitapika.

“Nilisema, mukacheka! Mbegu ya maabara inataka kuua batoto betu. Leo ni nyumba mbili. Kesho nyumba kumi na mbili zikivuna?”

Wakakata shauri: Alhamisi asubuhi watang'oa Aksanti yote na kuichoma, wakianza na shamba la Mama Marthe, halafu mengine kumi na moja. Wakamtumia Isidore ujumbe aje ashuhudie.

Félicité alingoja mama yake abishane. Mama Marthe hakubishana.

“Kama inaua batoto ba bantu,” alisema, “nitaing'oa kwa mikono yangu mwenyewe. Nipeni tu jembe la kwanza.”

Baadaye Félicité alimvuta Vanessa pembeni, nyuma ya choo cha shule.

“Tufanye nini?”

“Tufanye nini, sisi? Weye!” Vanessa alikuwa na machozi. “Mdogo wangu karibu afe. Na mi niko na kitambaa chako cha nyota chini ya kitanda, kila nikilala kinanichoma.”

Jua lilipokuwa likizama, Mama Marthe aliwapigisha watoto wake magoti kama kila siku. Willy alikuwa katikati, bado mlegevu, akiegemea ubavu wa mama.

“Bwana, aksanti kwa Willy,” Mama Marthe aliomba. “Aksanti kwa mutoto wa jirani. Aksanti ulimufunga Mama Jamila mikono asifungue lile gunia. Na shamba, ulinipa weye. Kama unalichukua, aksanti pia. Nisaidie tu nijue mi nilikosea wapi, maana nimefikiri mchana kutwa na sijaona. Amina.”

“Amina,” alisema Willy.

Félicité hakuweza kusema amina. Mama yake, ambaye hakukosea popote, alikuwa amepiga magoti akitafuta kosa lake.

*

Alhamisi asubuhi watu wengi walikuwa wamesimama kandokando ya shamba la Mama Marthe, majembe mabegani. Umande ulikuwa bado juu ya majani yale mapana. Félicité alikuja na sare yake ya shule, mkono mmoja mfukoni.

Pikipiki ya Isidore ilisikika ikipanda. Nyuma yake alikuwa ameketi Mama Jamila, ushungi wake umejaa vumbi, amekumbatia gunia lenye kitambaa cha bluu.

“Asalaam aleikum, watu wa Mboko,” Mama Jamila alisema akishuka. “Mgongo wangu umevunjika, lakini sikutaka kusikia haya kwa simu. Miaka saba nauza unga wenu. Watu wa usafi wa chakula wakija sokoni, wananiuliza: huu umetoka kwa nani? Mi naonyesha kitambaa. Sheria ndiyo hiyo, na sijawahi kupata aibu. Sasa nataka kujua.”

“Sheria!” Papa Bertin alisema. “Mama Jamila, karibu sana, lakini nisikie. Sisi wadogo tunaulizwa kila kitu. Gunia la nani, nani amesaga, nani amefunga. Sawa. Lakini banaotuletea mbegu, nani anabauliza? Kitambaa chabo kiko wapi?”

Watu wakanung'unika kwa kukubali. Hata Mama Jamila aliitikia kwa kichwa.

Isidore hakukasirika. Alivua kofia yake ya pikipiki. “Papa Bertin, swali hilo ni haki yako, na nilipaswa kulijibu vizuri siku ya kwanza. Nilikuja na haraka, nikagawa vijiti kama peremende. Nisameheni. Huu muhogo si OGM. Hakuna aliyeingia ndani ya urithi wake katika maabara. Ulizaliwa kwa maua ya mihogo miwili, mmoja unaozaa sana na mmoja usiougua. Watu wakachukua mbegu za maua hayo, wakapanda, wakachagua, wakapanda tena, miaka mingi. Ukikata kijiti ni chako. Mupe jirani, mupe shemeji, hakuna wa kukudai. Na siku mtu akiwaletea mbegu ya namna nyingine, yoyote ile, mumuulize hivi hivi kabla ya kuipokea. Asipojibu, arudi nayo.”

“Maneno mazuri,” Papa Bertin alisema. “Lakini mutoto wangu alitapika. Siku nne majini, na bado sumu. Jibu hiyo.”

“Hiyo sijui,” Isidore alikiri. “Siku nne zinatosha. Sielewi.”

“Basi,” alisema Papa Bertin.

Mama Marthe akasogea mbele. Alifunga kitenge chake vizuri, akashika shina la kwanza kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemshika mtoto kichwa, na kwa mkono wa kulia akainua jembe.

“Mama, hapana!”

Félicité alikuwa amekimbia hadi katikati ya shamba. Alitoa mkono mfukoni na kuufungua. Mawe mawili meupe ya ziwani.

“Mama, hizi mbili ni za uongo.”

Mama Marthe alishusha jembe polepole. “Unasema nini?”

“Mihogo haikulala siku nne. Ililala mbili. Jumatatu sikumenya, nilienda kwaya. Jumanne pia. Niliweka ndani ya maji Jumatano. Halafu Ijumaa nikaongeza hizi mbili ili wewe usijue, ili niende Baraka.” Machozi yalikuwa yanamwagika, lakini aliendelea, kwa maana aliona kwamba akinyamaza hataweza kuanza tena. “Na muuguzi aliniuliza, nikamudanganya. Aksanti haina kosa. Wewe hauna kosa. Ni mimi.”

Kisha sauti nyingine ndogo ikasikika. Vanessa alikuwa ametoka nyuma ya baba yake, kitambaa cha nyota mkononi.

“Mi nilijua, papa. Nilimusaidia kumenya siku ya Jumatano. Alinipa hiki ili ninyamaze.”

Papa Bertin alimgeukia binti yake. Watu walingoja ngurumo. Lakini mzee yule aliketi juu ya kichuguu, akavua kofia, akajipangusa uso.

“Mi nilikuwa natafuta sumu ndani ya maabara, mbali kule,” alisema. “Kumbe ilikuwa ndani ya nyumba yangu, chini ya kitanda.”

Mama Jamila akaguna. “Papa Bertin, zima hiyo redio kidogo, usikilize batoto.”

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Lakini Mama Marthe hakucheka. Alikuja mbele ya Félicité, akachukua yale mawe mawili, akayapima mkononi kana kwamba yalikuwa mazito sana.

“Jana niliomba Mungu anionyeshe nilikosea wapi,” alisema kwa sauti ya chini. “Ulikuwa kando yangu, umepiga magoti.”

“Nisamehe, mama.”

“Nitakusamehe. Lakini si mi wa kwanza. Utamwendea Willy. Utaenda kwa Mama Vanessa, umuangalie mutoto wake usoni. Utaenda kwa muuguzi. Na kwaya utapumzika mupaka mihogo ya pipa lingine ianikwe.”

“Ndiyo, mama.”

“Na ngoja,” Papa Bertin alisema, akisimama. “Mi sing'oi kitu leo, lakini siamini kitu pia. Nipeni mihogo ya shamba hili. Italowekwa kwangu, ndani ya pipa langu, na mawe nitaweka mi mwenyewe.”

“Haki kabisa,” alisema Isidore. “Na bugali yake, wa kwanza kuila nitakuwa mimi.”

*

Unga wa gunia la bluu haukurudi sokoni. Mama Jamila alikataa kwa upole. “Siwezi kuuza kitu ninachojua kina sumu. Mungu ananiona.” Isidore aliwafundisha namna ya kuuokoa kwa kula nyumbani. Unachukua unga unaotosha siku moja, unaulowesha maji kidogo, unautandaza mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili chini ya jua kali, sumu iliyobaki inapanda na hewa, kisha unaupika siku hiyo hiyo. Ikawa kazi ya Félicité. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, wenzake walipokuwa wakiimba, yeye aliketi kando ya mkeka akifukuza kuku na kuhesabu muda. Vanessa alikuja kuketi naye, bila kuombwa.

“Kitambaa chako hiki,” alisema siku ya kwanza.

“Kaa nacho.”

“Sikitaki.”

“Basi tufukuzie kuku.”

Wakakitumia kufukuzia kuku.

Papa Bertin aliweka mawe yake. Siku ya nne asubuhi aliita watu, akabonyeza muhogo kwa kidole gumba, kidole kikazama kama ndani ya ndizi iliyoiva. Unga ulipokuwa tayari, Isidore alikula bugali mbele ya wote, kisha Papa Bertin, naye akaomba aongezewe. Hakuna aliyeumwa hata kichwa. Wiki iliyofuata Papa Bertin alionekana akishuka kutoka shamba la Mama Marthe, amebeba fungu la vijiti begani.

“Papa Bertin, hiyo si ya maabara?” wamama walimtania.

“Nyamazeni. Nimeiuliza maswali yote, imejibu.”

Katika mkutano uliofuata, chama kiliongeza sheria moja, naye Papa Bertin ndiye aliyeileta: muhogo usitoke majini kwa kuangalia mawe peke yake, mtu mzima aubonyeze, na usipolainika urudi majini, awe nani aliyeweka mawe. Na Isidore akaleta daftari, akaandika ndani yake kila mbegu inayoingia Mboko imetoka wapi, imezaliwaje, na nani aliileta. Daftari linakaa kanisani, na yeyote anaweza kulisoma.

Mama Jamila aliagiza magunia mengine. “Yenye kitambaa cha bluu mnifungie mawili,” alisema kwenye simu. “Nyumba iliyosema kweli mbele ya majembe, unga wake nauza bila wasiwasi.”

Kisha pipa la Mama Marthe likajazwa tena, na mihogo ikalala majini usiku wa kwanza. Asubuhi yake Félicité alifagia uwanja, akaenda nyuma ya jiko. Willy alimtangulia. Alikuwa ameokota mawe ziwani, mikono yake midogo imejaa.

“Yaya, naweka yote! Tutakula haraka!”

“Hapana.” Félicité alichuchumaa mbele yake, akamfungua vidole taratibu, akatoa jiwe moja tu. “Leo ni siku moja. Weka moja.”

Willy aliliweka juu ya mfuniko. Yale mengine wakayapanga chini, kando ya pipa, yangoje siku zao.

Mama Marthe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akiwatazama. Alikuja akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake.

“Unaona, mwanangu,” alisema, “tuliogopa mbegu ya wageni, na kuuliza si vibaya, mukulima asiyeuliza anapanda njaa. Lakini mbegu haikutudanganya, wala maji, wala jua. Mukono wetu ndio ulitudanganya. Sheria ya chakula haianzi sokoni kwa Mama Jamila, haianzi kwa bantu ba bureau na mihuri yabo. Inaanza hapa, nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mutu anakuona isipokuwa Mungu na kuku.” Alimfukuza kuku mmoja kwa ufagio. “Mi namushukuru Mungu kwa unga. Lakini siku ile shambani, ulipofungua mukono wako, ndiyo siku niliyomushukuru zaidi.”

Kengele ya shule ikalia. Félicité alimshika Willy mkono, wakatoka mbio. Mama Marthe akabaki akifagia, na jiwe moja jeupe likabaki juu ya pipa, peke yake, mahali pake.